Njia Niliyompangia Mtani Wangu

Mtani wangu alilisema neno hilo siku ya kuuzindua ukuta, mbele ya afisa michezo, mbele ya kipaza sauti cha redio, na mbele ya mama yangu aliyekuwa amevaa kitenge chake cha kwenda kanisani.

"Huyu dada ni Mnyamwezi, kazi yake kubeba," alisema, akininyooshea kidole. "Wazo ni langu, ukuta ni wangu, mpagazi ni huyu hapa. Tangu enzi za misafara ndivyo ilivyo."

Wakati huo nilikuwa nimesimama pembeni na godoro begani, kwa hiyo picha ilikamilika. Afisa michezo alicheka mpaka akashika tumbo. Mtangazaji alicheka. Mama yangu naye alicheka, na hicho ndicho kilichonikaa kooni siku nyingi kuliko vyote.

Sikuweza kusema kitu, kwa sababu aliyesema ni Mgogo, na Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Babu zetu walitoka hapa Tabora kwenda pwani na mizigo mabegani, na walipofika Ugogo walitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, ndipo wapewe maji na njia. Ugomvi ule wa njiani, kwa miaka na miaka, ukageuka utani. Mtani anaweza kukutukana, kukuchukulia kuku wako uani, hata kuja kwenye msiba wako akamcheka maiti na kudai fungu lake. Wewe kazi yako ni kucheka. Ukikasirika, umeshindwa, na watu watakusimulia.

Basi siku ile alinichukulia ukuta wangu mchana kweupe, na mimi nikacheka. Nilicheka meno yote nje. Kisha nilikwenda kuweka godoro chini na nikaanza kufikiri, na mimi nikianza kufikiri huwa sina breki.

Niseme kwanza ukuta wenyewe ulitoka wapi. Nilisomea misitu chuoni, na wakati wa mafunzo ya vitendo nilipelekwa Moshi. Kule niliwakuta waongoza watalii wa mlimani wana chumba chao cha mazoezi: ukuta wa mbao ulioinamia mbele, umepigiliwa vipande vya mbao vya kushika na kukanyaga, na chini magodoro. Hakuna kamba. Ukuta si mrefu. Ukianguka unaangukia godoro, unacheka, unarudi. Vipande hivyo wanaviita vishikio, na hufungwa utepe wa rangi kuonyesha njia: hii nyekundu uanzie hapa umalizie pale, hii ya bluu vile. Kila njia ni fumbo, na aliyeipanga amelificha jibu ndani yake.

Kwa mtu wa kichwa kama changu lilikuwa jambo la ajabu. Mimi nikituma ujumbe naandika "sawa", naweka nukta, naiona nukta ina hasira, naitoa, nahisi sasa nimekuwa mzembe, nairudisha. Lakini ukining'inia kwa vidole vinne huwezi kuwaza nukta. Nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani Tabora kusubiri kazi ambayo haikuja, nilijua ninachokitaka. Nilitaka ukuta ule, uwe hapa, na uwe wa watu wote.

Nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, wa ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Oman, kulikuwa na ghala la zamani la tumbaku. Mtaani wote tulimwita Bi Mkubwa. Nilizunguka nyumba yake mara kadhaa nikijifanya napita, mpaka yeye mwenyewe akanifungulia mlango.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umepoteza nini hapa?"

"Naomba ghala lako. La kupanda ukuta."

"Kupanda ukuta? Kama mwizi?"

"Kama mazoezi, Bi Mkubwa."

"Na ukifika juu unapata nini?"

Ningekuwa nimejiandaa vizuri ningesema afya, umoja, ajira kwa vijana. Nilisema kweli: "Hupati kitu. Unashuka."

Alinitazama. "Basi afadhali mwizi. Yeye anashuka na kitu." Lakini ufunguo akanipa, kwa sharti kwamba likija jambo la maana zaidi ghala litarudi kwake.

Mtani nilimleta mimi mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa michezo, mrefu kama mlingoti, ametokea Dodoma, na ana kitu ambacho mimi sina: anaweza kuingia ofisi yoyote akatoka na alichofuata. Yeye ndiye aliyepata plaiwudi za kuombaomba, yeye ndiye aliyewaleta watu. Hilo simnyimi. Ila ukuta niliujenga mimi. Mwinamo wake niliupima mimi. Vishikio nilivichonga kwa patasi kutoka kwenye mabaki ya mninga niliyoyaokota kwa mafundi samani, kimoja kimoja, nikivilainisha kingo visichane ngozi.

Na makosa yalikuwa yangu pia, na kuyarekebisha kukawa kwangu. Mwanzoni nilifunga kila kishikio kwa bolti moja tu. Mtu akishika kinazunguka, anaondoka nacho. Nikaongeza skrubu ndogo pembeni, kikatulia. Magodoro tuliyajaza pamba kutoka Igunga, lakini tuliichukua kabla haijachambuliwa, na mbegu zake zikaita panya wa mtaa mzima. Nikayafumua, nikatafuta pamba iliyochambuliwa, nikayashona upya pamoja kwa turubai, mguu wa mtu usizame katikati. Vumbi la tumbaku lilikuwa likitupigisha chafya mpaka watu wanaanguka. Nikasugua kuta kwa maji ya sabuni mpaka mikono ikachubuka. Haya yote alikuwa anayajua siku aliposimama mbele ya redio.

Wiki ile ile aliitisha kikao cha klabu yetu. Tulikaa juu ya magodoro, akasimama yeye, kichwa karibu kigonge boriti.

"Wanachama, spana itakaa kwangu," alisema. "Dada yetu ana digrii, tusimsumbue. Yeye atatunza magodoro."

"Nani atapanga njia?" niliuliza.

"Mpagazi hapangi njia, mtani. Njia hupangwa na mwenye nchi. Ninyi mnapita tu, mkilipa hongo."

Wakacheka tena. Asiyejua mambo haya anaweza kudhani nalilia kipande cha chuma. Lakini kwenye ukuta wa namna ile mwenye spana ndiye anayeamua kishikio kikae wapi, na kwa hiyo nani afike juu na nani aaibike. Ukiwa huna spana, huna ukuta. Una mahali pa kuangukia.

Njia zake zote zilikuwa za watu warefu. Kishikio kikubwa hapa, kingine kikubwa kule mbali, katikati hakuna kitu, mtu arukeruke. Tulikuwa na mwanachama mmoja muuguzi, mwanamke mfupi mwenye vidole vya chuma, ambaye alikuwa akija baada ya zamu. Alimwomba mtani aongeze kishikio kimoja tu cha katikati.

"Rudi nyumbani ukakue kwanza," mtani alimjibu. Na yule muuguzi ni Msukuma, hana utani naye wa hivyo. Aliacha kuja. Wasichana wawili wa chuo cha ualimu nao wakaacha.

Nyumbani nilimwambia mama, "Ule si utani, ni wizi."

"Utani wote ni wizi, mwanangu," alisema, akipepeta mchele. "Babu yako alichukuliwa mbuzi na Mgogo, akacheka."

"Akacheka tu?"

"Akacheka. Halafu akaenda kwa yule Mgogo akachukua ng'ombe."

Yule ng'ombe alinikaa kichwani.

Kwa kuwa nilikuwa mtu wa magodoro, nilipata muda wa kumtazama, na nilimtazama kama mtu anayesomea mtihani. Hakuna sehemu ya mwili wake niliyoiacha. Mkono wa kushoto hakuuamini. Kila penye kubana kwa vidole vya kushoto aliruka akapita. Magoti yake hayakuwa na mahali pa kwenda akiwa chini. Alipenda kuanza amesimama, mikono juu, watu wakimwona. Hajawahi kuanza amekaa.

Ndipo mchuuzi mmoja wa mchele akaja kwa Bi Mkubwa kutaka ghala la kuhifadhia magunia. Bi Mkubwa alituita uani kwake.

"Nitakuja Jumamosi alasiri kuona kwa macho yangu," alisema. "Nikikuta watu wanajifunza kitu, mtabaki. Nikikuta vijana wanarukaruka, ghala ni la mchele."

Mtani hakusita. "Utapenda, Bi Mkubwa. Niachie mimi."

Alichofanya ni kile ambacho mtu yeyote wa Tabora angefanya akitarajia mgeni. Alivifungua vishikio vyote, akavipeleka kwa fundi seremala, vikapigwa vanishi. Hapa kwetu hakuna kitu cha mninga kinachoachwa bila vanishi: kitanda, kabati, kochi, jeneza. Mbao isiyong'aa watu wanaiona kama mtu aliyetoka nyumbani bila kuoga. Viliporudi na kufungwa ukutani viling'aa kama peremende iliyolambwa.

Niligusa kimoja. Kidole kiliteleza. Vanishi huziba vinyweleo vya mbao, na ngozi hushikilia kwenye vinyweleo hivyo. Hilo nililijua hata kabla ya kusomea misitu. Nilifungua mdomo nimwambie.

"Mpagazi," alisema bila kugeuka, "usiguse. Mikono ina vumbi la magodoro. Hapandi mtu mpaka Jumamosi."

Nikaufunga mdomo. Sijajutia mpaka leo.

Lakini nilikuwa na hofu ya kweli siku mbili zilizobaki. Watu wote wakiteleza mbele ya Bi Mkubwa, tumepoteza ghala, na mimi nitakuwa nimelipiza kisasi juu ya nyumba yangu mwenyewe. Niliigeuza kila upande. Mwishowe nilimfuata, nikainamisha kichwa kidogo kama mwombaji.

"Mtani, naomba kona moja tu. Ile ya nyuma. Niweke njia ya akina mama."

Alifurahi kweli. "Pewa, pewa! Mpagazi naye apate kivuli cha kupumzikia." Akanikabidhi spana kwa alasiri moja, kama anayempa mtoto gari la kuchezea.

Nilivitoa vishikio vyangu vya akiba, vilivyokuwa bado vikavu, na nikampangia njia. Yeye, si mtu mwingine. Mwanzo wake ni kukaa chini kabisa, penye mwinamo mkali, mikono ikishika kifuani na miguu ikikanyaga karibu na mikono, ili mwenye miguu mirefu asijue aiweke wapi. Hatua ya pili ni kubana kwa kushoto. Hakuna pa kurukia. Nilihakikisha kila kishikio kinachofuata kimekaa mahali ambapo ukiruka unakipita. Kwa mtu mfupi mwenye subira ilikuwa njia ya haki kabisa, tena nzuri. Nilimwita muuguzi aje aijaribu wakati mtani yuko shuleni. Alianguka, akaangalia, akaanguka, halafu akafika juu.

"Dada, hii njia ina chuki," alisema akijifuta chaki, ule unga tunaojipaka viganjani tusiteleze.

"Na nani?"

"Si na mimi. Mimi imenikumbatia."

Jumamosi Bi Mkubwa alikuja, akawekewa kiti cha plastiki na mto. Ghala lilijaa wanachama, majirani, waendesha bodaboda walioacha pikipiki nje. Mtani alitoa hotuba. Akapaka chaki, akasimama chini ya njia yake kubwa kuliko zote, akaruka.

Akateleza. Akasema "chaki", akapaka tena, akaruka, akateleza kama kambare mkononi. Akawaita vijana wake wawili. Mmoja aliondoka ukutani kabla hata hajaacha ardhi vizuri, wa pili akakaa kitako. Watu walianza kwa kucheka, kisha wakaanza kumgeukia Bi Mkubwa. Bi Mkubwa alirekebisha mtandio wake.

"Hivi ndivyo mnavyofanya kila siku?" aliuliza.

Nilimwona mtani akitafuta mlango. Macho yake yakazunguka ukuta mzima unaong'aa, yakafika kwenye kona yangu, yakatulia. Njoo, nikasema kimoyomoyo. Njoo, baba.

"Bi Mkubwa, tuanze na rahisi," alisema. "Ile pale ya akina mama. Nitaipanda nikiongea na simu."

Akakaa chini. Magoti yakamfika masikioni. Alijaribu kuweka mguu mmoja, ukagoma. Akautoa, akaweka mwingine, ukagonga kiwiko chake mwenyewe. Alionekana kama mbuzi aliyefungwa nyuma ya baiskeli akipelekwa mnadani. Alipojinyanyua kidogo ilibidi abane kwa kushoto, na kushoto kukaachia. Akaanguka. Akarudi, akaanguka. Mara ya mwisho alibaki amelala chali katikati ya godoro, macho ameyafumba, anahema.

Nilivua khanga yangu begani, nikamfunika kuanzia utosini mpaka magotini, haikutosha miguu. Nikajishika kichwa.

"Uwiii! Jamani, mtani wangu kafa!"

Kisha mwendesha bodaboda mmoja, Mnyamwezi wa Kigwa, akaelewa. "Kafa? Kafia wapi?"

"Kafia njia ya akina mama!"

Ghala lililipuka. Mtu akaanza kuimba wimbo wa msibani, wengine wakaitikia. Muuguzi alikuja kumpima mshipa wa shingo, akatikisa kichwa kwa huzuni ya hospitali. "Tumempoteza," alisema. "Hakukua vizuri."

"Jamani, jeneza la urefu huu tutalipata wapi?" nililia. "Mkunjeni! Alikuja Unyamwezi na mdomo mtupu, anaondoka na mdomo!"

"Sijafa!" alisema chini ya khanga.

"Maiti anyamaze! Kafa bado anadai hongo!"

Nikapiga magoti kando yake. Kwenye msiba wa mjomba wangu, Wagogo waliokuja kama watani walichukua koti lake jipya mbele ya wajane, na hakuna aliyewauliza, kwa sababu fungu la mtani kwa marehemu haliulizwi. Nilitia mkono kwenye mfuko wa suruali yake, nikaitoa spana.

"Hili ni fungu langu la msiba," nikawaambia watu. Wakashangilia.

Mkono wake ulinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu. Niliinua khanga kidogo. Macho yake hayakuwa yanacheka hata kidogo. Alikuwa amekasirika, amekasirika kweli, na sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Niliinama mpaka sikioni kwake.

"Kasirika," nilimnong'oneza. "Watu wote wanakuona. Kasirika."

Akaniachia. Akatoa kicheko kile kile nilichokitoa mimi siku ya redio. Nilikifahamu, meno yote nje.

Muuguzi akaipanda ile njia mpaka juu, polepole, bila kuruka popote. Nikaipanda mimi. Wale wasichana wawili wa chuo cha ualimu, ambao muuguzi alikuwa amewaita, walikwama katikati, akawaonyesha pa kukanyaga, wakajaribu tena, na mmoja akafika. Bi Mkubwa alikuwa ameinuka kitini, anawaelekeza kwa fimbo yake: "Mguu huo! Siyo huo, mwanangu, huo mwingine!"

Zilipotulia kelele akaniuliza, "Nani kapanga hii?"

"Mimi, Bi Mkubwa."

"Na zile zinazong'aa?"

"Marehemu."

Alicheka hadi akaketi tena. Alipopata pumzi alisema, "Mchele utatafuta kwingine. Na maiti hashiki spana. Ibaki kwa aliye hai."

Jumatatu mtani alikuja kama kawaida. Alinisalimia, akasema ile ya msiba ilikuwa kali, atanilipa. Kisha akanyoosha mkono, kwa sauti nyepesi: "Nipe spana nikaze kile cha juu."

Nilimpa msasa. Nilikuwa nimevifungua vishikio vyote vya vanishi na kuvirundika sakafuni. Alivitazama, akanitazama, akatazama waliokuwepo, waliokuwa tayari wanaanza kutabasamu. Akakaa chini akaanza kusugua. Ilimchukua jioni nyingi, pua imejaa vumbi la mninga, na kila kimoja nilikipitishia kidole. Vingi nilimrudishia.

Najua wanavyosema wazee, kwamba utani ulizaliwa ili hasira iishe. Labda ya kwao iliisha. Mimi napanga njia mpya kila mara, kuna za wafupi na za warefu, za wanaoanza na za wenye vidole vigumu. Ukuta ni wa wote sasa na watu ni wengi kuliko zamani. Na katika kila upangaji kuna njia moja ambayo naifikiria nikiwa jikoni, nikiwa kanisani, nikiwa nasubiri majibu ya kazi: magoti yake, mkono wake wa kushoto, kile anachokiogopa. Akikaribia kuimaliza, nakigeuza kishikio cha mwisho kidogo tu.

Ameshaling'amua. Wiki iliyopita alianguka kutoka kwenye ile ya kijani, akakaa godoroni akijitazama viganja, tukiwa wawili tu.

"Mtani," alisema, "hili jambo limeisha au halijaisha?"

Nililifikiria vizuri. Nilifikiria jinsi alivyouliza, na kwamba hakutumia sauti yake ya kuchekesha, na kwamba pengine hapo ndipo mtu mwema angesema limeisha.

"Halijaisha," nikamwambia. "Panda."